Kadi za sikukuu zinachanika, hazibanduki au hazikunjiki: tatizo liko wapi?

Sikukuu ikikaribia, mashine ya kukatia karatasi, ile inayofuata mchoro uliotumwa kutoka kwenye kompyuta, huanza vituko. Mara nyingi, lakini, mashine haina kosa. Ni sisi tunaoirundikia kazi ya mwaka mzima ndani ya wiki mbili, kwa mkeka uleule uliochoka (ile plastiki yenye gundi inayoishikilia karatasi) na kisu kilekile kilichokwisha kukata stika tangu mwezi wa pili. Kisha kadi ya kwanza ikichanika tunakimbilia kuongeza shinikizo, ya pili inachanika zaidi, na ya tatu tunaagiza kisu kipya.

Ushauri wangu wa kwanza: usiitupe karatasi iliyoharibika. Ishike chini ya mwanga, igeuze nyuma, utazame hasa palipoumia. Kisha kagua kwa mpangilio huu: mkeka, kisu, karatasi, faili, na mashine yenyewe mwisho kabisa. Badilisha kitu kimoja tu, kata jaribio, ndipo uende kwa kingine. Jaribio langu ni mraba wa sentimita 2 wenye pembetatu ndani yake, ninaoukata kwenye kona ya karatasi ileile nitakayotumia. Ukitoka safi na pembetatu ikadondoka yenyewe, kisu, shinikizo na karatasi vimepatana. Kama kazi halisi bado inaharibika, hapo nahamia kwenye faili.

Karatasi inachanika

Hili ndilo lalamiko kubwa, hasa kwa nyota za theluji, hilali zenye nakshi na maandishi ya mwandiko wa kuunganisha. Lina sababu nyingi, lakini mahali palipochanika panakuonyesha pa kuanzia.

Ikiwa mistari iliyonyooka ni safi na kona tu ndizo zilizochanika, shuku mzunguko wa kisu. Katika mashine nyingi za nyumbani, kisu cha kawaida cha karatasi hakigeuzwi na mota. Kinaburutwa, na kinajigeuza chenyewe kufuata njia, kama vigurudumu vya kiti cha ofisini vinavyojipanga kila unapokisukuma upande mpya. Unyuzi wa karatasi ukinasa ndani ya kishikio cha kisu, kisu kinachelewa kugeuka. Kikifika kwenye kona kinaingia kwa ubavu na kuivuta karatasi badala ya kuikata. Niliwahi kubadilisha visu viwili kwa kazi moja ya miti ya Krismasi, vyote vikafanya vilevile. Nilipofungua kishikio nikakuta kipande cha manila ya kijani kimejiviringisha kama uzi, hakizidi milimita tatu. Visu vyote viwili vilikuwa vizima.

Kwa hiyo toa kisu, puliza ndani ya kishikio, na utoe uchafu kwa kibano. Ukirudisha, bonyeza kitufe cha juu kama kipo, uzungushe ncha taratibu kwa kidole, ukiigusa ubavuni wala si makalini. Inapaswa kuzunguka bila kukwama. Wengine huchoma kisu mara kadhaa kwenye donge la foili. Inasaidia, nami hufanya hivyo, ila donge hilo linasafisha tu. Kisu kilichokwisha makali hakirudi ujana kwa foili.

Ikiwa kingo zote zina vinyweleo, hata kwenye mistari iliyonyooka, hapo kisu ni butu kweli, au karatasi yenyewe ni ya nyuzi legelege. Karatasi laini za rangi wanazotumia watoto kwa kazi za mikono ni mfano mzuri: zinavutia macho, lakini kisu kikipita zinachambuka kama pamba. Jaribu kisu kilekile kwenye manila nzuri. Kikikata safi, mwache kisu apumzike na ubadilishe karatasi.

Na ikiwa uharibifu uko eneo moja tu, tuseme kushoto juu, wakati kwingine kote ni safi, usiguse kisu. Hapo mkeka haushiki. Karatasi inainuka kidogo, kisu kinaisukuma badala ya kuipasua. Pitisha rola juu ya karatasi kabla ya kukata, ukianzia katikati kwenda pembeni. Mkeka ukiwa umezeeka kabisa, bandika kingo za karatasi kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, mradi isipite kwenye njia ya kisu.

Kuna sababu moja ambayo hakuna kisu kitakachoiponya: mchoro umepunguzwa mno. Nyota iliyochorwa kwa sentimita 20 ukiipunguza hadi 6 ili ikae kwenye kadi, mikono yake iliyokuwa na upana wa milimita 4 inabaki na milimita 1.2. Kwa manila ya kadi, mimi siruhusu sehemu yoyote nyembamba kuliko milimita 1.5, na nikiona herufi zenye mikia myembamba nazinenepesha kwenye programu kabla ya kukata. Punguza kasi pia. Na kama karatasi ni nene, mipito miwili ya shinikizo la wastani huacha kona safi kuliko mpito mmoja wa shinikizo kubwa.

Haikati mpaka chini

Kabla ya kuutoa mkeka, inua kona moja ya kipande kwa kibano. Kama hakijakatika, usibonyeze kitufe cha kutolea. Mkeka ukiwa bado haujatoka, mashine inajua ulipo, na ukirudia amri ya kukata itapita juu ya mistari ileile. Ukishautoa, kuurudisha mahali palepale ni bahati nasibu.

Chanzo cha kawaida ni uzito wa karatasi kutolingana na mpangilio uliouchagua. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita mraba. Manila ya kadi huanzia kama 170 hadi 220 na kuendelea. Tatizo ni pakiti zinazotaja uzito kwa pauni, mtindo wa Marekani, kwa sababu pauni hizo hupimwa kwa saizi tofauti za karatasi kulingana na aina yake. Manila ya aina ya jalada yenye pauni 65 ni kama gramu 176, na ya pauni 80 ni kama 216. Lakini ile ya aina ya kadi za faharasa yenye pauni 110, ambayo kwa namba ingeonekana nzito kuliko zote, ni gramu 199 tu. Tafuta gramu, usihangaike na pauni.

Chanzo kingine ni kishikio ambacho hakijakaa sawasawa. Fungua kifungio kinachokibana, sukuma kishikio hadi chini, funga tena. Na ukinunua manila ya glita, kumbuka kwamba kisu kinakata karatasi pamoja na chembe ngumu zilizogandishwa juu yake. Nina kisu cha glita peke yake, nimekitia doa la rangi ya kucha kwenye kishikio nisije nikakisahau. Glita pia hukatwa vizuri ikilazwa kifudifudi, uso wa kumeta ukielekea kwenye mkeka. Ukifanya hivyo, geuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo, la sivyo "Heri ya Mwaka Mpya" itasomeka kutoka kulia.

Kinyume chake nacho hutokea: kisu kinakata mpaka ndani ya mkeka. Alama hafifu ni kawaida. Ukiona mfereji unaoweza kuupapasa kwa ukucha, punguza shinikizo au kina cha kisu, kwa sababu mkeka uliochimbika hauishiki tena karatasi kwa usawa na utakurudisha kwenye tatizo la kwanza.

Kipande kimekatika vizuri, kimeharibika wakati wa kukibandua

Kosa hapa ni la mkono. Tumezoea kushika karatasi na kuivuta kutoka kwenye mkeka, ndiyo maana inatoka imejikunja kama gome. Fanya kinyume: geuza mkeka kifudifudi juu ya meza, bana karatasi chini kwa kiganja, kisha ukunje mkeka kuelekea kwako taratibu. Mkeka ndio unaotoka kwenye karatasi. Vipande vyembamba vifuate kwa koleo bapa au kadi ya plastiki.

Mkeka mpya huwa na gundi kali mno kwa karatasi. Ubandike na kuubandua kwenye fulana safi mara mbili tatu. Wenye mashine za Cricut wana mikeka inayotofautishwa kwa rangi: bluu kwa karatasi nyepesi, kijani kwa manila ya kawaida, zambarau kwa vitu vizito. Nimeona watu wakilalamika siku nzima kwamba karatasi yao haitoki, kumbe wanatumia wa zambarau.

Mkeka usioshika, uoshe kwanza. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya kuoshea vyombo, brashi laini, suuza, uache ukauke wenyewe bila kuufuta kwa kitambaa. Kiasi kikubwa cha kile tunachokiita gundi kuisha ni vumbi la karatasi lililolala juu ya gundi.

Mstari unaishia pembeni ya ulipoanzia

Duara halifungi, au kadi ya mstatili ina kona moja iliyoruka. Karatasi imetembea kwenye mkeka, au mkeka umetembea ndani ya mashine. Ukisogeza karatasi kwa kidole nayo ikateleza, umepata jibu. Isipoteleza, tazama rola zinazouvuta mkeka: vinyweleo vya karatasi vikijaa pale, upande mmoja unavutwa kidogo kuliko mwingine. Zima mashine, zifute kwa kitambaa kikavu. Hakikisha pia mkeka umeingia chini ya miongozo ya pembeni pande zote mbili, na kwamba nyuma ya mashine kuna nafasi ya kutosha. Mkeka wa inchi 12 hutoka nyuma karibu wote, na ukigonga ukuta unarudi milimita kadhaa bila wewe kuona.

Kama duara halifungi lakini karatasi na mkeka havijasogea hata kidogo, rudi kwenye kishikio na unyuzi wake.

Mashine inatetemeka, inakata mara mbili au inatoa umbo la ajabu

Tunahamia kwenye faili, na hapa ndipo watu wanapoilaumu mashine kwa dhuluma.

Mlio wa kukwama-kwama kwenye mkunjo laini maana yake ni nukta nyingi mno. Umechukua picha ya pikseli ya kulungu, ukaigeuza iwe mistari kwa amri ya programu, nayo ikaweka mamia ya nukta mahali ambapo 20 zingetosha. Mashine inajaribu kuzipitia zote, na karatasi inatafunwa. Tumia amri ya kurahisisha mistari, au anza na picha kubwa yenye kingo kali, nyeusi juu ya nyeupe.

Mistari miwili sambamba, iliyoachana kwa unene wa uzi, inatokana na mchoro wa mstari mnene ambao programu imeukata ndani na nje. Futa mmoja.

Herufi za mwandiko zikikatwa kila moja peke yake, huku zikiingiliana, hazijayeyushwa kuwa umbo moja. Programu nyingi za kukatia zina amri ya kufanya hivyo. Itumie baada ya kupanga nafasi na kabla ya kukata, kwa sababu baadaye huwezi kusahihisha tahajia. Herufi zenye tundu, kama a, d na o, zikikatwa ndani ya kadi zitadondosha matumbo yake. Chagua mwandiko wa kistensili wenye vidaraja, au yaokote matumbo hayo uyabandike kwa mkono. Ukiwa na kadi 30 za "Idi Mubarak", hutachagua njia ya pili mara mbili.

Vipande vilivyokuwa vimepangwa vizuri kwenye skrini vikitawanyika mkekani, hujavifunga pamoja. Programu inaokoa karatasi kwa kupanga kila umbo upya panapotosha. Kuviweka kwenye kundi peke yake hakutoshi katika Design Space, programu ya mashine za Cricut; ni ile amri ya kuambatisha inayoshikilia nafasi, na mstari wa mkunjo nao lazima uambatishwe na kadi yake.

Halafu kuna fumbo la saizi. Faili ya nyota ya sentimita 20 inafunguka ikiwa na 15. Hakuna aliyeipunguza. Programu ya kuchorea ya Illustrator huhesabu nukta 72 kwa inchi, wakati baadhi ya programu za kukatia husoma 96, na 72 ni robo tatu ya 96. Faili iliyochorwa kwa Inkscape ya zamani, programu nyingine ya kuchorea, kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, ilihesabu 90, kwa hiyo nyota hiyohiyo itatokea na sentimita 18.75, tofauti ndogo inayokuponyoka mpaka kadi igome kuingia kwenye bahasha. Ukishajua, dawa ni rahisi: chagua vipande vyote kwa pamoja, funga uwiano, andika upana sahihi kwa mkono.

Mkunjo unapasuka au unaonyesha weupe

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, kama ubao. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unalala. Ukikunja kwa kuzikata, uso unapasuka. Kujua mwelekeo, kunja karatasi nzima polepole bila kuibana, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio wa nyuzi. Au chana kipande cha ziada: mchaniko ulionyooka umefuata nyuzi. Zungusha mchoro kwenye mkeka ili mkunjo wa kadi uende nazo.

Jambo la pili wengi hulifanya kinyume. Kalamu ya mfuo, ile inayoweka mstari wa mkunjo bila kukata, inapobonyeza karatasi, juu hutokea bonde na chini hutokea kituta. Mkono hutaka kukunja kuelekea kwenye bonde, kwa kuwa linaonekana kama njia. Kwa manila nene, kunja upande wa pili: kituta kibaki ndani ya mkunjo, bonde likae nje. Hivyo kituta kinakuwa bawaba, na nyuzi za nje hazinyooshwi kupita kiasi. Maana yake ni kwamba uso wa mbele wa kadi ndio unaotazama juu kwenye mkeka. Mfuo ukiwa hafifu, weka mistari miwili ya mkunjo mahali pamoja ili kalamu ipite mara mbili.

Weupe kwenye mkunjo wa manila nyekundu ni jambo lingine. Hiyo ni karatasi iliyopakwa rangi juu huku moyo wake ni mweupe. Chana kona uone. Hakuna mpangilio utakaoificha. Kwa kadi za kukunjwa tafuta manila iliyotiwa rangi hadi ndani, na hiyo yenye moyo mweupe itumie kwa mapambo bapa.

Fanusi na nyota za kupachika hazipachikiki

Mapambo ya kupachikana hutegemea mwanya unaolingana na unene wa karatasi. Ukipunguza mchoro kwa nusu, mwanya wa milimita 0.5 unakuwa 0.25, lakini manila yako haijapungua unene. Ukikuza, mwanya unapwaya na fanusi inalegea. Kwa hiyo ukibadilisha saizi, badilisha na karatasi, au rekebisha mianya peke yake. Na usinyooshe mchoro upande mmoja tu: kuta za fanusi zitarefuka, na kifuniko hakitazikuta.

Vikunje vibao vyote vya gundi kabla ya kubandika hata kimoja, na ubandike ukuta wa mwisho ukiwa na njia ya kuingiza kidole ndani kwa ajili ya kubana.

Picha iliyochapwa imekatwa pembeni

Kama vipande vyote vimehama kwa kiasi kilekile upande uleule, rudia usawazishaji wa mashine. Kama kosa linaongezeka kadiri unavyokwenda mbali na alama za kona, zile nyeusi zinazochapwa pamoja na picha ili mashine ijue ilipo, printa imebadilisha saizi: zima chaguo la kutoshea ukurasa, chapa kwa asilimia 100. Na kama mashine haizioni kabisa zile alama nyeusi, mara nyingi ni mwanga wa taa unaoakisi kwenye karatasi ya kung'aa. Sogeza taa, au bandika selotepu isiyong'aa juu ya alama. Karatasi ya rangi nzito nayo huzimeza. Ongeza milimita 1 au 2 za rangi kuzunguka mchoro, ili kosa dogo lisiache ukingo mweupe.

Kadi imepinda baada ya kubandikwa

Gundi ya maji ni nyingi. Chora mstari mwembamba usiogusa ukingo, au tumia tepu ya pande mbili kwa vipande vikubwa. Kadi ikiwa imepinda hata kabla ya gundi, karatasi imenyonya unyevu upande mmoja. Hifadhi pakiti imelala, ndani ya plastiki iliyofungwa.

Haiingii kwenye bahasha

A5 ikikunjwa katikati inakuwa A6, milimita 105 kwa 148, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162. Kwa kadi bapa nafasi hiyo inatosha. Kwa kadi yenye tabaka tatu zilizoinuliwa kwa vijisponji, unene hula ile milimita 9 ya ziada, na bahasha hupasuka ubavuni. Tengeneza moja mpaka mwisho, na gundi yake na vijisponji vyake, uiingize kwenye bahasha halisi na kuifunga, ndipo ukate zile 29 zilizobaki.